Fundi Miwani na Macho ya Gari la Baba Yake

Ndugu zetu, majirani, na nyote mliokuja kutushika mkono, ninasimama hapa kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Miwani. Kama mnajiuliza kwa nini msomaji ni mimi mwoka mikate na si mmoja wa wadogo zake, ni kwa sababu mwenyewe aliagiza hivyo akiwa hospitali, akisema wadogo zake wataangua kilio kabla hawajamfikisha darasa la kwanza, ilhali shemeji angalau atamsema kidogo, watu wapate kupumua. Nami wosia wa marehemu siwezi kuuvunja.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watatu wa fundi saa na mshona nguo, na huyo mshona nguo ndiye mama yetu aliyeketi hapa mbele, mwenye umri wa miaka themanini na mitatu, ambaye asubuhi ya leo ameletewa kiti chenye mto akakirudisha, akasema apewe mgonjwa.

Mzee fundi saa alikuwa na gari, dogo, la rangi ya maziwa, lililoundwa mwaka 1958, aliuziwa na mhandisi mgeni aliyekuwa akihama, na kwa kuwa lilitoka katika nchi ambako magari hupita upande mwingine wa barabara, usukani wake uko upande usio wetu, hivyo anayeendesha hukaa karibu na mtaro na abiria hukaa katikati ya barabara kama askari wa usalama. Watoto walikigombea kiti hicho cha abiria hadi kutoana machozi, lakini mwenye kiti alikuwa mama yao.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, na sekondari kuanzia 1976 hadi 1979, akafanya vizuri katika hesabu na sayansi, na katika kwaya ya shule aliombwa kwa heshima asimame nyuma na afungue mdomo tu. Akiwa katikati ya mitihani yake ya mwisho, jioni ya tarehe 3 Novemba 1979, mvua ikinyesha, baba yake alikuwa akirudi nyumbani na lile gari, taa zake zikiwa hafifu kama mshumaa uliokwisha, akafika kwenye kona ya daraja, na hapo kwenye kona palikuwa na lori bovu limeachwa bila alama yoyote nyuma. Hakuliona.

Mama aliagiza gari livutwe mpaka nyumbani, likaingizwa bandani, likafunikwa turubai, hakuliuza wala hakulitazama, na tangu siku ile hakupita tena kwenye ile kona, akawa anazunguka njia ndefu ya sokoni, mvua inyeshe, jua liwake, mzigo uwe mzito kiasi gani.

Mwaka 1980 marehemu aliajiriwa kufagia katika duka la miwani mkabala na posta, mwaka 1983 akaanza kufundishwa kukata lenzi, na kazi hiyo aliifanya mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2016. Wenzake wa dukani watanishuhudia kwamba alikuwa na utaratibu wake ambao mwenye duka aliupinga mwanzoni kisha akauzoea. Mteja akishavishwa miwani mpya na kusoma herufi zote za ubaoni, marehemu hakumruhusu aondoke, alimshika mkono akampeleka hadi mlangoni, akamwambia amtazame mtu wa ng'ambo ya barabara, amweleze kama anamwona uso, kwa maana kwake yeye miwani haikuwa ya kuonea herufi, ilikuwa ya kuonea watu.

Tarehe 19 Desemba 1987 alifunga ndoa na dada yangu, muuguzi, ambaye macho yake hayakuwa na shida kubwa, ila fremu ya miwani yake ililegea kila wiki kwa namna ambayo sayansi imeshindwa kuieleza, ikabidi airudishe dukani kila wiki, mpaka baba yetu akasema huyo fundi ama hajui kazi ama anaijua sana. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti mwaka 1989 na wavulana wawili mwaka 1992 na 1995, na wajukuu watano, ambao wote wamerithi sauti yake ya kuimba, poleni sana.

Sasa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo alipotaka nisiruke. Jumatatu tarehe 4 Julai 2016, siku yake ya kwanza ya kazi akiwa hana kazi, marehemu aliingia bandani akaondoa turubai, mama akamwona kutoka dirishani, akalifunga dirisha. Alipokwenda kumwomba ruhusa, mama alimjibu kwamba gari ni la baba yake, alitengeneze apendavyo, ila yeye humo hayumo. Msije mkadhani alikuwa akitafuta sifa za kuendesha gari la kale mitaani, shemeji yangu alitaka jambo moja tu, mama yake akae tena kwenye kiti chake na kupita ile kona, asizeeke akiizunguka barabara ambayo wengine wote tunapita.

Kazi ilichukua karibu miaka miwili, fundi bodi akanyoosha paa lililopondwa chini ya lori, akakata kutu, injini ikashushwa ikapandishwa, breki zikabadilishwa, na viti vikapelekwa kwa fundi cherehani wa mjini, vikarudi na mishono imekwenda upande. Mama akapita bandani siku hiyo kutafuta ufagio, akaiona ile mishono, akaondoka, akarudi, akaondoka tena, mwishowe akachukua wembe akaifumua yote na kuishona upya kwa mkono wake, akituambia wazi kwamba anaihurumia mishono, gari hana habari nalo. Marehemu alikuja mbio kwenye tanuri langu kunisimulia, akicheka na kufuta machozi kwa pamoja.

Zikabaki taa. Fundi umeme wa gereji, mama mmoja mtaratibu sana aliyeko hapa leo, alimshauri aanze na waya, kwa kuwa waya wa zamani haubebi moto mkubwa, afunge relei, yaani swichi ya kupeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye taa, kisha ndipo wazungumze habari ya balbu, na nyaya marehemu alikubali zibadilishwe, ila kwenye balbu hakusikia la mwadhini wala la mteka maji, akanunua zile kali kuliko zote, nyeupe pe, akazitia kwenye taa zilezile za mwaka 1958. Asubuhi ya tarehe 21 Aprili 2018, kukiwa bado na giza, alitoka kulijaribu gari, nami nilikuwa nikija upande wa pili na baiskeli, nimebeba mikate ya maduka yote ya mtaa. Mwanga ule ulinijia kana kwamba mtu amenifungulia mlango wa tanuri usoni, barabara ikapotea, nikaenda mtaroni na baiskeli na mikate, na siku ile mtaa mzima ulikunywa chai kavu, kama mnakumbuka, basi sababu ni yeye.

Mimi nilitoka na mchubuko wa goti na matope hadi masikioni, nikacheka, lakini mama, nilipofikishwa nyumbani kwake, hakucheka. Alinitazama nilivyo, akamgeukia mwanawe, akamwambia, "Baba yako alikufa kwa kutoona. Sasa wewe unataka mwenzako afe ili wewe uone?"

Marehemu alilifunika gari turubai kwa mikono yake mwenyewe. Dada yangu anasema hata chakula kilimshinda, na jioni alikuwa akija kukaa kwenye benchi la duka langu, mkate wa moto nikimpa anauacha upoe. Nilimwonea uchungu, kwa sababu nilijua hesabu anayoipiga kichwani, kwamba alikuwa karibu kumfanyia mtoto wa mwenzake kile kile alichofanyiwa baba yake.

Alikuwa akiukodolea macho ukuta wangu mweupe wa nyuma, na jioni moja akainuka ghafla, akaleta gari, akaliegesha mbele ya ukuta huo na kuwasha taa za chini, zile za kupishana na wenzio. Mimi, yeye na fundi umeme tukaona wazi, mwanga ulilala vizuri upande mmoja, na upande wa pili ukapanda juu, na ule uliopanda ndio upande wa anayekuja. Fundi umeme alicheka, kisha akajishika mdomo. Tangu tuko watoto wa mtaa huu tulijua usukani wa gari lile ni wa kigeni, tulilitania miaka yote, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba na macho yake vilevile yanatazama kigeni, kwa kuwa enzi za mzee yalikuwa hafifu mno kumsumbua mtu. Marehemu alikaa chini palepale, akasema amepima macho ya mji mzima na ya gari la baba yake hakuyapima.

Zile taa zikatolewa zote, zikaagizwa nyingine za duara za umbo lilelile, zenye vioo vilivyotengenezwa kwa upande wetu wa barabara, na balbu zinazozifaa, zenye nguvu ya kutosha na si zaidi, zikapimwa ukutani kwangu mpaka rangi ya ukuta ikaingia alama za chaki ambazo sijazifuta na sitazifuta. Taa za nyuma nazo akaziongezea mwanga, akaweka na vibandiko vyekundu vya kuakisi, kisha akavipenda, ikawa kila lori bovu analolikuta njiani analibandika, na baiskeli yangu leo inang'aa kuliko bibi harusi.

Jumapili tarehe 2 Desemba 2018, jua limezama lakini anga bado lina mwanga, alimfungulia mama mlango wa gari. Mama akasema bado, kwanza anataka kuona kwa macho ya anayekuja, akatembea mwenyewe mpaka mbali kidogo, akasimama upande wa pili wa barabara, dada yangu na mimi tukilinda asipite mtu. Marehemu akawasha. Tukaona mkono wa mama unapanda, nikamwona shemeji anainamisha kichwa kwenye usukani, akidhani mama anajikinga macho. Mama alikuwa anampungia. Akapaza sauti kwamba anamwona uso mzima hadi ndevu, na kwamba akanyoe.

Aliketi kwenye kiti chake, juu ya mishono yake, wakapita ile kona polepole, na walipoimaliza akamwomba mwanawe ageuze wapite tena. Tangu jioni ile mama yetu anapita njia fupi.

Mwezi Agosti 2022 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa mara tatu, na katika safari zote za hospitali binti yake ndiye aliyeliendesha gari hilo, naye mgonjwa, pumzi ikimpa shida, hakuacha kumkumbusha ashushe taa kila alipoona mwenzao anakuja. Alifariki tarehe 9 Juni 2024, saa kumi na mbili asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa dada yangu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na kumvumilia alipokuwa akizisahihisha taa za wodi, tunawashukuru majirani ambao tangu Jumapili hawajatuacha tulale peke yetu na msiba, wafanyakazi wenzake wa dukani, na mafundi wote walioshika spana, brashi au waya kwa ajili yake.

Shemeji, nimemaliza, na ndugu zako wamelia kama ulivyosema. Gari lako liko nje, binti yako yuko kwenye usukani, mama ameshasema atakaa kwenye kiti chake mbele, nasi tutapita njia fupi, taa za chini zikiwaka, ingawa ni mchana. Lala kwa amani, barabara tunaiona.