Kikohozi Nilichomficha Baba Mkwe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wenye vifua vyepesi, asifiwe na sisi tunaoamka tukikohoa!

Nimesimama kwa woga. Mvua zimeanza, na kila zikianza naweka mkono kifuani na kusikiliza. Mtanivumilia nikigeuka kukohoa. Zamani nisingethubutu, na hilo ndilo lililonileta mbele yenu.

Mimi mzaliwa wa Kamsamba, kwenye joto. Niliolewa huku upande wa Mpemba, kwenye baridi, na kifua changu kilikuwa kibovu tangu nilipougua kifaduro utotoni. Mwanzoni tuliishi mbali na wakwe, nikawa nakohoa nipendavyo. Kisha tukahamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa kwa mstari, yetu ikaangukia ubavuni mwa nyumba ya baba mkwe. Mnajua adabu zetu. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe wala hapiti mbele yake, sembuse kukohoa na kutema makohozi mzee akasikia! Basi nikawa najibana. Kikohozi kikipanda nafunika mdomo kwa kanga, nakaza koo mpaka kitulie.

Ndugu zangu, nilikuwa nazama nikiwa nchi kavu. Pumzi ikaanza kunuka, homa haikomi, nikilala kifua kinatokota kama chungu cha maharage. Wengine walinong'ona kifua kikuu, wengine mkono wa mtu. Nilikuwa nanyonyesha Tumaini, nikawa namtazama na kujiuliza nani atamlea. Niliogopa sana. Hata maombi niliyaacha katikati kwa kukosa pumzi.

Mume wangu akanipandisha lori mpaka hospitali ya Mbozi Mission. Makohozi yakapimwa, kifua kikuu hakuna. Nikachomwa sindano, kisha muuguzi akaketi nasi. Akasema kila mtu ana ute mapafuni, hata mzima. Kwa mzima kuna vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, vinausukuma ute mpaka kooni, naye anaumeza bila kujua. Vyangu viliharibiwa na kifaduro. Njia za hewa zimetanuka, ute unatuama humo na kuoza.

"Mama Tumaini, umebakiwa na kikohozi tu cha kuutoa," akasema. "Nacho unakizuia."

Akamfundisha mume wangu: nilale kifudifudi, mito chini ya kiuno, kichwa kikiwa chini; naye akunje kiganja kama anayeteka maji, anipige mgongoni juu ya mbavu, asiguse uti wa mgongo, mpaka ute ulegee.

Asubuhi ya kwanza nyumbani, alipoanza kunipiga, baba mkwe akasikia. Akaja akasimama nje.

"Unampiga mgonjwa?" akauliza kwa hasira.

Mume wangu akatoka, akamweleza yote, hata kujibana kwangu. Mimi nimelala vilevile, uso mkekani, aibu imenijaa. Na makohozi yalikuwa yameshafika kooni! Nikakaza koo kama nilivyozoea, pumzi ikakatika, nikaona ndiyo mwisho wangu.

Kisha mzee, ambaye hakuwahi kunisemesha tangu niolewe, akasema kupitia ukutani, "Mama, kohoa. Mimi baba yako nasema, kohoa."

Nikakohoa! Nikakohoa huku nalia, nikatema yaliyooza, na nilipovuta pumzi ikashuka mpaka mahali nilipokuwa nimesahau kwamba ni pangu. Huo ndio ukombozi wangu, na Mungu aliupitisha kwenye kinywa nilichokiogopa kuliko vyote.

Sijasema nimepona. Kila asubuhi napigwa mgongo, na hofu ya mvua ninayo. Lakini Tumaini yule pale, anasoma darasa la tatu. Mzee naye yupo upande wa wanaume, na bado simtazami.

Ndugu yangu, kama kuna jambo umelibana kifuani kwa kuogopa watu, mletee Yesu leo. Yeye si mkwe wa kuonewa haya. Namshukuru Mungu, nawashukuru na ninyi kwa kunisikiliza. Sasa mniwie radhi, nageuka nikohoe.