Ile Nzito au Ile Nyepesi

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya treni, mwashi mmoja mwenye mvi alikuwa akitazama picha mbili za pikipiki kuukuu kwenye simu. Mama aliyeketi kando yake, asiyemjua, alichungulia bila aibu.

"Kuna mashindano ya pikipiki za zamani, za kuruka matuta na kupita matopeni," mwashi alimwambia. "Nimeyatamani tangu ujana. Sasa watoto wameshakua, nachagua. Magoti yananiambia nichukue hii nyepesi."

"Na moyo?"

"Moyo haujawahi kuteguka, dada, ndiyo maana hauna adabu."

Nilicheka kimoyomoyo, magoti yangu yalimwelewa.

Mama aliigusa picha ya ile nzito. "Marehemu mume wangu alishindana kwa pikipiki ya aina hii. Nikiwa naanua nguo, naisikia ikipanda mlima, du-du-du. Nilikuwa naomba iharibike, aache."

"Ikaharibika?"

"Aliiuza mwenyewe, kwa ajili yangu. Nyumba ikanyamaza, kaka. Tangu hapo imenyamaza."

"Pole, dada. Lakini nzito itaniangusha."

"Utainuka. Chukua nzito, unijulishe siku. Nitasimama hapo matopeni nisikilize tu."

"Na nikivunjika mguu?"

"Nyepesi haivunji?"

Treni ilisimama, mama akainuka. Mwashi alimbebea mfuko hadi nje, huku akimweleza habari za uzito na magoti, naye akitikisa kichwa kukataa. Milango ilifungwa, treni ikaondoka bila yake, na mwashi wala hakugeuka kuitazama.