Mtundikaji wa Vizibo na Vijiko: Wasifu wa Marehemu Bi Kengele

Jina lake la cheti wengi wenu hamlijui, na mkitajiwa mtauliza, "Ndiye nani huyo?" Basi tumwite alivyoitwa. Bi Kengele alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba yake alikuwa mwashi na mama yake fundi cherehani. Miaka sita baadaye alizaliwa mdogo wake wa kike, na wazazi wakasema hao wawili wanatosha.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1969 na kumaliza la saba mwaka 1975. Hesabu walijifunza kwa vizibo vya soda. Siku moja vizibo vya darasa zima vikatoweka, na mwalimu akavikuta nyumbani kwao dirishani, vimetobolewa kwa msumari, vimetungwa kwenye uzi wa mama yake na vinalia kwa upepo.

"Hivi si ni vya kuhesabia?" mwalimu akafoka.

"Nimevihesabu, mwalimu. Viko mia moja na kumi na viwili."

Alichapwa viboko vitatu, na jina la Kengele likaanzia hapo.

Tarehe 2 Mei 1979 aliajiriwa hospitalini kufua mashuka, akayafua miaka thelathini na saba hadi alipostaafu mwaka 2016. Vilivyokuwa vikitupwa aliviokota: vifuniko vya dawa ya kikohozi, vijiko vilivyokatika shingo, vifungo vilivyobaki ndani ya mashine. Hakufunga kitu kabla hajakigonga kwa ukucha na kukisikiliza. Kikiwa bubu, hakitaki. Vining'inio vyake vilitundikwa juu ya vitanda vya wodi ya watoto. Wapo waliopona huku wakivitazama, na wapo ambao havikuwafaa kitu zaidi ya kuwa vya mwisho kutazamwa. Hao hakupenda kuwazungumzia. Mashuka yao aliyafua peke yake.

Nyumbani kwake neno takataka lilikuwa marufuku. Kila mfuko ulifungwa uzi. Mweusi maana yake usubiri, mwekundu maana yake uende zake. Hata wageni walikuwa wanajua.

Tarehe 20 Agosti 1983 aliolewa na fundi bomba. "Wenzangu waliletewa manukato," alikuwa akisema, "mimi nimechumbiwa kwa koki mbovu." Walijaliwa binti mmoja, mwaka 1985. Mume alianguka na ngazi akiwa kazini, akafariki tarehe 9 Juni 2009. Marehemu akakusanya vyake vyote katika mfuko mmoja: koki, nati, miwani iliyopasuka, kifuniko cha chupa yake ya chai, funguo za makufuli yaliyokwishapotea. Alisema atavitungia kining'inio kimoja cha nyumba ya binti yake. Kila mwaka aliutoa mfuko ule, akagonga kitu kimoja au viwili, akaufunga tena uzi na kuurudisha nyuma ya mlango. Mikono ilikuwa haijawa tayari.

Sukari iligunduliwa mwaka 2018, nayo ikaanza kumla macho. Januari 2021 mdogo wake akahamia kwake kumhudumia. Mdogo huyu ana ulimi, hata yeye mwenyewe anajijua, na nyumba ile haikukosa kelele. "Dada, hapa tutalala wapi, juu ya vifuniko?" "Lala juu ya maneno yako, ni mengi kuliko vifuniko."

Novemba 2022, binti akiwa anakuja kwa mapumziko, mdogo alifanya usafi, akaibeba mifuko yote yenye uzi mwekundu na kuipakia kwenye mkokoteni wa taka. Mchana marehemu akapapasa nyuma ya mlango.

"Mfuko wa mume wangu uko wapi?"

Mdogo akaelewa pale pale. Aliubeba kwa mikono yake mwenyewe, ulikuwa na uzi mwekundu, na katika nyumba ile hakuna mwingine aliyekuwa akifunga nyuzi ila dada yake. Alikimbia hadi jalalani akakuta moto umeshawashwa. Alirudi na majivu hadi kwenye nyusi.

"Sikuangalia uzi, dada. Nimekosa."

"Kwako wewe kila kitu ni cha kutupwa!"

Binti alipofika na kuambiwa, alisema, "Mama mdogo, baba sasa tumemzika mara mbili, na hii ya pili umemzika wewe." Tangu siku ile hajamsalimia.

Tarehe 3 Aprili 2024 marehemu alilazwa, figo zikiwa zimechoka. Alimwomba muuguzi amtolee uzi kwenye mkoba wake, akaushika na kusema, "Huu mweusi ndio ninaoutaka."

"Mama, huo ni mwekundu."

Aliendelea kuupapasa uzi ule hadi mdogo wake alipoingia na chai.

"Mfuko ule niliufunga mwenyewe. Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini, kwamba macho yamekwisha? Ulishanifokea, dada. Kufokewa hakuui."

"Na mwanangu je? Miezi kumi na saba hakusalimii?"

"Kunywa chai."

Hakunywa. Aliagiza binti aitwe, na kama atachelewa, basi jambo hili lisomwe siku ya kumzika, kila mtu akisikia. Alifariki Ijumaa, tarehe 12 Aprili 2024, saa moja asubuhi. Binti alikuwa bado yuko njiani.

Ameacha binti, mkwe, wajukuu wawili na mdogo wake mmoja. Mdogo hakutaka haya yasomwe, lakini agizo la dada yake limemshinda. Binti ameyasikia leo pamoja na ninyi nyote. Mama yake hayupo tena wa kuulizwa. Aliyebaki wa kuulizwa ni mama yake mdogo, naye amesimama hapo hapo, hatua mbili kutoka alipo.

Bi Kengele, tumesema kama ulivyoagiza. Lala, upumzike kwa amani.