Chai ya Makaa Kule Moiben

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo, iwe mko na ndoo ya maziwa au mwiko wa ugali mkononi. Leo tunamkumbuka Nicanor Murunga. Nicanor Murunga, mtafiti. Aliaga dunia wiki jana katika hospitali ya misheni kule Plateau. Ni homa ya mapafu. Alikuwa na miaka ishirini na tisa tu.

Mlimjua. Ndiye yule kijana mrefu wa mtaa wa West Indies, pale mjini, aliyebeba samadi kwa baiskeli, watu wakamwita Profesa wa Mavi. Hakukasirika. "Uprofesa nimeupokea," alisema. "Hayo mengine nitayazoea."

Kazi yake ilikuwa kutoa gesi ya kupikia kwenye samadi ya ng'ombe, ili tuache kuchoma makaa. Misitu ipone, na moshi upungue angani. Gesi badala ya makaa. Basi.

Mwaka wa 1986 alijenga tangi lake la kwanza Moiben, kwa Mama Jepkemboi. Chifu akafurahi, akamwalika D.O., mkuu wetu wa tarafa, aje aone maendeleo. Tarehe ikapangwa. Gesi yenyewe haikuulizwa.

Ilikuwa Julai, na baridi ya Moiben mnaijua. Samadi ilikataa kuchacha. Asubuhi ya wageni Murunga alichoma njiti saba za kiberiti. Jiko likamtazama tu. Nje, gari la D.O. lilikuwa limeshaingia.

"Mama, sasa nifanye nini?"

"Wewe ndiye umesoma, unaniuliza mimi?" Mama Jepkemboi akasema. "Wageni hawarudi bila chai. Makaa yako nyuma ya nyumba."

Murunga alijua angeweza kutoka aseme ukweli. Alifungua mdomo, ukasema, "Bandika sufuria kubwa."

Chai ikachemkia nyuma, ikapitia jikoni, ikatokea mbele ikiitwa chai ya gesi. D.O. alikunywa vikombe viwili. "Hata ladha yake ni ya kisasa!" Makofi yakapigwa. Murunga akaangalia viatu vyake.

Dadake, Rosebella, anakumbuka: "Wiki nzima alikataa chai. Nikamuuliza, kwani chai imekukosea nini?"

Sasa, siku hiyo kulikuwa na kijana wa redio, mdomo kama cherehani. Akatangaza: Moiben inapika bila makaa! Kijana huyo, wasikilizaji, ndiye mtangazaji wenu wa leo.

Mzee Kipyego, mfugaji, alisikia tangazo hilo, akabomoa zizi la ndama apate mawe ya kujengea tangi. Tangi likajengwa, lisitoe gesi hata kidogo. Murunga akamwendea kwa miguu. "Mzee, chai ile ilikuwa ya makaa. Nilidanganya."

"Kwa hivyo wewe una digrii," Kipyego akamjibu, "na mimi nina shimo."

Murunga hakuondoka. Alizungushia tangi lile mabua ya mahindi, akakoroga samadi kwa maji ya vuguvugu. Baada ya miezi miwili, gesi ikawaka. Ikawaka kweli, na leo inawaka.

Lakini uongo ulikuwa umetangazwa, na ukweli bado. Murunga akaleta barua redioni, isomwe. Mtangazaji wenu huyu akacheka. "Bwana Murunga, nani atamwambia D.O. kwamba alisifu makaa? Unataka tupotee sisi wote?" Barua ikaingia kwenye droo. Murunga alirudi mara tatu kuiulizia. Mara tatu alipewa mzaha.

Mamake, Mama Nanzala, anasema: "Hata hospitalini aliniuliza, Mama, wameisoma? Nikamwambia bado."

Basi inasomwa: "Gesi haikuwaka siku ile. Chai ilipikwa kwa makaa. Nilidanganya, na ninaomba radhi. Aliye na tangi lisilofanya kazi aniite, nitakuja." Mwisho wa barua.

D.O. alishahamishwa siku nyingi, kwa hivyo hata ujasiri huu wa leo ni nusu.

Mama Nanzala, Rosebella, poleni sana. Nanyi wasikilizaji, jiulizeni leo ni ukweli wa nani mmeukalia. Mazishi ni Jumamosi. Mkiona huko nyuma mtu wa maneno mengi amenyamaza, ni mtangazaji huyu. Mkimfukuza, hatabisha.