Kauboi wa Chumba cha Pasi

Mheshimiwa Mganga Mkuu, Ndugu Msimamizi wa Dobi, wageni waalikwa, nanyi dada na kaka wa chumba cha pasi: shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Mtaniwia radhi nikiongea huku nayumbayumba. Huyu wa mgongoni nikisimama tuli anaamka.

Mama mkwe wangu, mnayemwita Bibi Pasi, amewanyooshea shuka za hospitali hii miaka thelathini, na leo anastaafu. Lakini ni wangapi wenu mnajua kwamba wakati wa mapumziko, kwenye upande wa nyuma wa fomu za nguo chafu zilizokwisha kutumika, alikuwa anaandika riwaya za kauboi? Riwaya kumi na mbili, ndugu zangu! Mtu ambaye hajawahi kumgusa farasi, lakini ukimsoma unasikia vumbi kooni.

Nilipomwambia tuziuze kama vitabu vya kusoma kwenye simu, alicheka. "Nani anunue uongo wangu? Wape bure."

"Hapana, mama. Cha bure watu wanakiweka tu, hawakifungui."

Tukabishana siku tatu. Mwishoni nikasema bei iwe ya kipande cha sabuni. Hapo akapiga hesabu, maana sabuni anaijua. "Kipande kinaisha kwa wiki," akasema. "Haya, weka."

Nikachapa ya kwanza kwa kidole kimoja, mkono wa pili una mtoto. Na hapo ndipo nilipoharibu. Mama hakuwa anaandika namba za kurasa, zote anazo kichwani. Mimi, kwa usingizi, nikazipanga kwa namba za fomu zilizo upande wa mbele. Watu arobaini na mmoja wakanunua. Mmoja akaandika: "Huyu jamaa si tulishamzika? Mbona anakunywa kahawa?"

Nilitaka kukiondoa kitabu kimyakimya. Mama akakataa. Akanisimamia mpaka nikamwandikia kila mnunuzi, nikaomba radhi, nikamtumia kilichopangwa sawa. Kisha akafunga zile kumi na moja zilizobaki ndani ya foronya. "Nimeaibika vya kutosha, mwanangu. Basi."

Sikumlaumu. Lakini majibu yalipoanza kuingia nilimpelekea simu palepale kwenye meza ya pasi. Mwanamke mmoja, dereva wa lori, aliandika kwamba amevisoma vyote viwili, na kile kilichokosewa hakifuti, kwa sababu alifurahi mno kumwona yule mtu amerudi kutoka kaburini. Mama akavaa miwani, akafungua kitabu chake mwenyewe, akasoma kurasa sita amesimama. Akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Haya yote yalitoka kwangu?"

Nami nawauliza, waheshimiwa: tunaishi na watu wa namna gani humu ndani, tukiwaomba shuka tu? Mimi ninayemfulia kanga na kugombana naye juu ya chumvi, siku ile nilishindwa hata kumwangalia usoni.

Foronya ilibaki imefungwa wiki nzima. Leo asubuhi, kabla hatujaja hapa, nimeikuta juu ya meza yangu, imefunguliwa. Kila ukurasa una namba, kwa ile kalamu nyekundu ya kutilia alama shuka zilizochanika. Riwaya zote kumi na moja. Alikuwa amesimama mlangoni, ameshavaa gauni hili mnaloliona.

"Bei ileile," akasema. "Na sasa kosea kama unaweza."

Mama, hongera. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza, na kwa kutomwamsha huyu.