Nilipoliandika Jina la Mwanangu Kwenye Gemu

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena, maana mara ya kwanza nusu yenu mlikuwa bado mnatafuta pa kukaa. Mchungaji ameniambia nisizidishe muda. Nimemwambia nitajitahidi, lakini ananijua.

Mimi ni Mama Mtupeni. Wengi mnanifahamu kwa ile stesheneri yangu hapa Kiwangwa, mnapokuja kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Leo sikusimama kutangaza biashara. Nimesimama kumshukuru Mungu aliyenitoa kwenye woga, na woga huo, nisiwafiche, uliniingilia kwenye gemu la kompyuta. Naona kina baba kule nyuma mnacheka. Chekeni tu, hata mimi siku hizi nacheka kidogo. Siku zile sikucheka.

Ndugu zangu, kazi ya stesheneri ina kusubiri kwingi. Msimu wa mananasi watu wote wako mashambani au wanapakia malori, hakuna anayekumbuka kutoa kopi. Unabaki wewe na kompyuta mnatazamana. Wenzangu muda huo wanasuka, wengine wanasengenya. Mimi kusengenya niliacha nilipookoka, basi nikaanza kucheza gemu. Nilianza na zile karata zinazokuja na kompyuta yenyewe, zikanichosha. Nikajaribu ya kucheza na watu kwenye mtandao, nikakuta vijana nisiowajua wananitukana kwa sababu nachelewa kupiga risasi. Mtu mzima, nina mume na mtoto, natukanwa na mtoto wa mwenzangu! Nikasema hapana, nataka gemu la kucheza peke yangu, nitulie, mteja akija niliache.

Fundi mmoja wa Msata akanijazia flashi. Nikawa nachagua kama anayechagua nyanya sokoni. La magari, hapana. La mizimu, kwa damu ya Yesu sitaki hata kuliona. Nikachagua moja lililoonekana la upole kuliko yote: msichana anakaa peke yake kwenye kibanda porini, na kazi yako ni kumwokotea kuni, kumtafutia chakula, kumwashia moto asipatwe na baridi. Nikasema hili ndilo langu, hili halina dhambi. Likaanza kwa kuniuliza, msichana huyu anaitwa nani?

Hapa lazima niwaeleze jambo, hasa ninyi mliotoka bara. Kabla ya mtoto huyu nilizika wawili, wote wachanga. Alipozaliwa huyu wa tatu, mama mkwe wangu alimpokea mikononi, akamtazama, akasema aitwe Mtupeni. Huku kwetu ni desturi ya wazee. Mtoto akizaliwa baada ya wenzake kufa, anapewa jina la kudharauliwa, ili kifo kikipita kisikie kwamba huyu ni wa kutupwa, kiende zake. Jina lake hasa linafichwa. Sisi jina hasa tulimpa, tukaliombea, lakini tulilijua watu watatu tu: mimi, mume wangu na mama mkwe. Hata kadi ya kliniki iliandikwa Mtupeni.

Mimi na mume wangu tumeokoka. Mama mkwe ni Mwislamu, tunaishi naye kiwanja kimoja, na kwa kweli tunapendana. Suala la jina nilimkubalia kwa heshima. Ndivyo nilivyokuwa najiambia, kwa heshima. Kumbe na mimi nilikuwa naogopa vilevile kama yeye, ila mwenzangu alikuwa anasema naogopa, na mimi nilikuwa nasema haleluya.

Sasa kompyuta inaniuliza jina, na dukani hakuna mtu. Jina lile nilikuwa na hamu nalo, wapendwa. Mtoto ana miaka mitano na sijawahi kulitamka kwa sauti, sijawahi hata kuliona limeandikwa. Nikaliandika, herufi moja moja. Likatokea juu ya kichwa cha yule msichana, zuri, linang'aa. Nilifurahi mno. Mteja mmoja aliingia akanikuta nalitazama tu, hata kopi yake nikaikosea.

Kumbe gemu lile halisubiri. Ukizima kompyuta, huko ndani siku zinaendelea. Ukifungua asubuhi unakuta msichana ana njaa na moto umezimika. Pembeni kuna kimoyo chekundu cha kuonyesha uzima wake, na kila unapochelewa kinapungua. Mwanzo nililiona hilo kama raha tu, kama kufuga kuku.

Siku moja nikafungua nikamkuta msichana amelala chini, na alama imetokea kwamba anaumwa. Nikamhangaikia, nikampa majani, nikafunga duka niende nyumbani nikale. Mtupeni wangu nilimkuta amejikunyata kwenye mkeka, hataki uji. Nikamgusa paji la uso. Wa moto.

Ndugu zangu! Kichwani lilikuja neno moja tu: umelitoa jina. Miaka yote tumemficha huyu mtoto, na wewe mama yake umemwandika kwa mkono wako mwenyewe, ukamlaza porini peke yake, ukamwashia taa kifo kimwone. Nilikuwa mwimbaji wa kwaya, nimefunga na kuomba mara nyingi hapa kanisani, na hilo ndilo nililoliamini palepale bila kubisha.

Nikafanya nini? Nikampa mtoto dawa ya kutuliza homa, nikamwachia bibi yake, nikasema nina kazi ya haraka ya mteja. Nikarudi dukani mbio. Nikamlisha yule msichana wa kwenye kompyuta, nikamwokotea kuni, kimoyo kikapanda. Niliporudi nyumbani Mtupeni ameketi, anakunywa maji, amelowa jasho. Nikaona si bure. Ningepaswa kujua malaria ndivyo ilivyo, inapanda inashuka, lakini mtu mwenye woga haulizi. Kesho yake homa ikapanda tena, na mimi mbio dukani tena.

Mama mkwe alisema tumpeleke mtoto akapimwe. Nikajibu tutakwenda, Mama, ngoja kwanza nimalize kazi. Mume wangu alikuwa amepeleka mananasi Dar, akipiga simu namwambia ni mafua. Ningemwambiaje? Kuomba niliomba, siwadanganyi, lakini niliomba macho yakiwa kwenye kimoyo. Mtu angesema si ulifute tu hilo gemu? Nilifikiria. Mkono ulikataa. Kulifuta jina la mtoto anayeumwa! Nani kati yenu angebonyeza?

Basi ikafika mchana mmoja mwanangu amelegea hata shingo haikazi, na mimi niko dukani. Kimoyo kimebaki kama punje ya mtama. Natafuta kuni kule porini, sizioni, mvua inanyesha humo ndani, moto unazima. Umeme ukakatika.

Kioo kikawa cheusi. Nikabonyeza, nikachomoa waya, nikachomeka, nikapiga meza. Kimya. Nilitakiwa niondoke nikimbilie kwa mtoto, na miguu haikuinuka, wapendwa. Nilikuwa nasikiliza. Nilikaa kwenye kile kiti nikisikiliza upande wa nyumbani, nikingoja kusikia kilio cha msiba. Baiskeli ilipita nje ikitoa mlio wa breki, nikadhani ndicho. Niliziba masikio. Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaanza kumlilia mtoto aliye hai.

Mlango ukafunguka, akaingia mama mkwe wangu, amembeba Mtupeni mgongoni kwa kanga, anahema. Bi mkubwa yule ana magoti mabovu, hata shamba ameacha. Mtoto macho yako nusu, mdomo umekauka. Sikumpa hata shikamoo. Niliangua kilio nikamwambia yote, kwamba jina nimeliandika, kwamba ni mimi nimemuua, kwamba umeme umekatika na sasa hakuna wa kumlisha.

Nilimwona uso unavyobadilika, nikajua na yeye ameogopa, pengine kuliko mimi. Alishika ukingo wa meza. Akatazama ile kompyuta iliyozimika, akanitazama mimi.

Akasema, "Mtoto huyu hapa mgongoni kwangu. Wewe huko unamlinda nani?"

Akaniambia kwa ukali, yeye alimficha mtoto kwa jina na kliniki akampeleka, chanjo zote, hakuna hata moja iliyompita. Hakuwahi kuchagua kimoja akaacha kingine. Akasema nifunge duka.

Tukapanda bodaboda wote, mtoto katikati. Pale kituo cha afya muuguzi alikuwa mwenye haraka, akaomba kadi, na kadi kwa kuchanganyikiwa tuliisahau nyumbani. Akafungua kadi nyingine, akauliza jina la mgonjwa. Mimi mdomo ukagoma. Mtupeni likakataa kutoka, na lile jingine nani angethubutu?

Mama mkwe akasema, "Andika Debora."

Ilikuwa kama nimemwagiwa maji ya barafu. Mama yule, aliyeniapisha jina hilo lisitoke nje ya mlango, amelitamka mbele ya foleni ya watu, kwa sauti, na huku midomo inamtetemeka. Nilifumba macho. Nilingoja paa lianguke. Nilingoja mtoto akate roho palepale.

Muuguzi akauliza, "Debora nani?"

Akaandika jina la baba, akashika kidole cha mtoto, akakichoma. Hakuna kilichotokea, ndugu zangu! Feni ilikuwa inazunguka, mtu mmoja anakohoa, na mwanangu akalia kwa sababu ya sindano. Sijawahi kusikia kilio kitamu namna ile.

Ilikuwa malaria kali, na damu imepungua. Walimtundikia dripu, wakamchoma sindano. Daktari alinigombeza na nilistahili, alisema tungengoja hata jioni ile tu, angekuwa anazungumza nasi mambo mengine. Tulilala hapo. Woga haukuondoka haraka, msije mkadhani. Kila akipumua nilikuwa nahesabu. Lakini ndipo nilipoomba kwa kweli, mkono wangu ukiwa juu ya kifua chake na si juu ya kipanya. Nikasema, Baba, mtoto huyu unamjua jina tangu tumboni, wewe hukufichwa. Mama mkwe naye upande wa pili anavuta tasbihi yake. Asubuhi mtoto akafumbua macho akaomba muhogo wa kukaanga.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo hasa lililonisimamisha hapa. Tuliporudi nilikwenda kufungua duka, na Mtupeni nilikuwa naye, sikutaka anitoke machoni. Nikawasha kompyuta. Gemu likafunguka lenyewe. Kibanda kina giza, na katikati ya kioo yametokea maneno ya Kiingereza, makubwa, yanasema Debora amekufa.

Nilitetemeka mpaka kiti kikagonga ukuta. Hata baada ya yote niliyoyaona, nilitetemeka! Nikageuka. Mtoto yuko kizingitini, anakula muhogo, chumvi imemjaa mashavuni. Nikamwita. Nikamwita Debora. Hakuitika, maskini, hajui kama ni yeye. Nikainuka nikamshika paji la uso, la baridi kabisa. Nikatazama kioo, nikamtazama yeye. Hapo ndipo minyororo ilipokatika, wapendwa, pale mlangoni kwa stesheneri, mchana kweupe. Nililia mpaka jirani wa duka la mbolea akaja kuuliza kama tumepata msiba. Nikamwambia hapana, tumeukosa.

Gemu nililifuta siku ileile. Mume wangu alipofika nilimweleza yote, akakaa chini, kisha akasema kuanzia leo mafua ya nyumba hii atayapima mwenyewe.

Mchungaji aliniuliza kama nimeacha kucheza. Sikuacha, na sitawadanganya madhabahuni. Muda wa kusubiri wateja bado upo. Lakini sasa ninavyochagua ni tofauti. Sichagui kwa sura ya upole tena. Nachagua lile ninaloweza kuliacha katikati, nikarudi baada ya wiki nikalikuta limenisubiri. La kupanga vigae, la mafumbo, na moja la kulima shamba ambalo mazao hayaozi mwenye shamba asipokuwepo. Likiniuliza jina, naandika Kisamvu. Wazazi wenzangu, kila mmoja amuulize mtoto wake anacheza gemu gani, na gemu hilo linamfanya nini anapoinuka kwenye kiti.

Watu wananiuliza kama siogopi tena. Ndugu zangu, juzi tu Debora alipata homa. Mume hayupo, mama mkwe amekwenda Lugoba kwa binti yake. Nilipomgusa paji la uso, yale yote yalirudi, nikasikia tena lile neno, umelitoa jina. Nilimfunga mgongoni, nikafunga duka, nikatoka. Bodaboda haikuwepo. Nilimlilia Mungu njia nzima, sina hata maneno mazuri, nasema tu Bwana, Bwana, na njia nzima nilikuwa natembea.

Nani yuko hapa leo anaogopa na hajamwambia mtu? Njoo tuombe pamoja. Usingoje woga uishe ndipo uje. Mimi Mungu alinisikia nikiwa natetemeka, mtoto yuko mgongoni, na kituo cha afya bado sijakiona.