Radi Ilipotuangukia Magwagwa

Bwana wetu na asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hapa Gesima, na asifiwe huko Magwagwa, ambako nilianguka na watu wakadhani sitaamka tena.

Wengi wenu mnanijua kama mwalimu wa mpira. Wazee wananikumbuka nilipokuwa senta fowadi. Nilianza na mpira wa majani ya migomba hapa mteremkoni, na baada ya Uhuru miguu hii ikanipeleka Nakuru, Mombasa, Kampala, hadi Tanga. Nilikuwa na mbio, nilikuwa na shuti, nilishangiliwa katika lugha nisizozielewa. Mungu sikuwa naye. Goti lilipovunjika Kampala, nilirudi kwa baba nikichechemea, nikaanza kufundisha timu ya wachuma chai wa hapa.

Ndugu zangu, siku ile tulicheza Magwagwa. Wingu jeusi lilifunika kilima, refa akapuliza filimbi tutoke uwanjani. Nyakundi, beki wetu wa kati, alinikimbilia akitabasamu.

"Mwalimu," akaniita.

Sikusikia neno la pili. Radi ilipiga! Nilipozinduka nilikuwa nimelazwa sakafuni katika darasa la shule, mke wangu Kerubo akinisugua mikono. Nikamwuliza, "Nyakundi yuko wapi?" Kerubo aligeuza uso. Nikajua.

Tulimzika. Watu wakanong'ona kwamba timu yetu imerogwa, na wachezaji wakatawanyika. Mimi nikashikwa na hofu ambayo sikuwahi kuijua. Wingu likitanda tu, naingia chini ya kitanda, mimi mtu mzima! Na hapa kwetu mvua ni ya kila alasiri. Shambani siendi, sokoni siendi. Kerubo alichuma chai peke yake, akirudi ananikuta nimejikunja kama mgonjwa wa malaria. Nikatamani ile radi ingenimaliza.

Ndipo akaja mama yake Nyakundi. Nilitaka kujificha, maana ningemwambia nini?

"Karibu, omong'ina, mama yetu," nikasema, bila kumtazama.

Hakuketi. "Mwanangu, mimi nimezika mmoja," akasema. "Sitaki kuzika wawili. Inuka twende maombini."

"Mama, mvua inakuja."

"Naiona. Inuka."

Ningemkataliaje yule mama? Tulikuwa katikati ya mashamba ya chai ngurumo ilipoanza. Nikataka kujitupa chini kati ya michai, lakini alinikamata mkono, na mkono wake pia ulikuwa unatetemeka! Ndugu zangu, hapo nikaelewa kwamba naye anaogopa, tena kuliko mimi, na bado anatembea.

"Omba," akaniambia.

"Sijui kuomba."

"Basi mwite tu."

Nikaita, "Yesu!" Nikaita tena kwa sauti, mvua ikinipiga usoni. Haleluya! Radi haikukoma, lakini kile kitu kilichokuwa kimenikaba kifuani kiliniachia. Tuliingia kanisani tumelowa chapachapa, nikapiga magoti mbele ya wote, nikampa Bwana maisha yangu.

Juma lililofuata nilikwenda nyumba kwa nyumba kuwaita wachezaji. Wengine walikataa. Waliokuja tuliomba pamoja, tukaanza mazoezi. Yule mama alikuja, akasimama kando ya mstari na shali yake, akatazama mpaka mwisho, kisha akaenda nyumbani. Nililia siku ile.

Kwa nini radi ilimchukua Nyakundi ikaniacha mimi? Sijui. Nimemwuliza Mungu, na bado namwuliza. Lakini namwuliza nikiwa nimesimama, na ninamshukuru kwa kila pumzi. Namshukuru kwa Kerubo, na kwa mama yule aliyekuja kunitoa ndani huku kidonda chake kikiwa kibichi.

Ndugu yangu, dada yangu, kama nawe umejifungia kwa sababu ya hofu, usingoje mbingu zitulie ndipo utoke. Mwite Yesu sasa hivi, hata kama sauti inatetemeka. Mimi aliisikia yangu. Amina!